Monitor ya gaming, kununua sasa au kusubiri: kisa changu na mzee wangu, dereva wa lori

Wakuu, amahoro.

Nawasalimu kutoka Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Kiswahili chetu huku kimepita mikononi mwa watu wengi, kwa hiyo mkikuta neno la ajabu humu ndani mnivumilie.

Ninachowaahidi ni kwamba sitatia chumvi. Mwenye kisa yuko hai, yuko chumba cha pili, na akisikia nimemsingizia ataninunia wiki nzima.

Humu kila mara kuna mtu anauliza: ninunue monitor ya gaming sasa au nisubiri? Na majibu huwa yale yale. Subiri model mpya. Usisubiri, maisha ni mafupi. Subiri dola ishuke. Mimi nyuzi za aina hiyo nimezisoma karibu zote, na mwisho na mimi nikauliza.

Wengine mtakumbuka. Niliuliza kuhusu inchi 27, 165Hz, used, iliyoko Bujumbura. Mlinijibu vizuri na nawashukuru. Ila sikuwaambia habari yote, kwa sababu wakati ule hata mimi nilikuwa nimeishika mkia tu.

Twende taratibu.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu, nina kibanda karibu na soko. Nyumbani nina desktop niliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande kwa miaka kadhaa. Ndani iko vizuri, game nyingi inazibeba. Tatizo lilikuwa monitor. Ile ya mraba, ya zamani, iliyotupwa na ofisi fulani. Mashine nzuri na kioo kile ni kama bwana harusi aliyevaa suti na kandambili.

Lakini nikawa mtu wa kusubiri. Nasubiri bei. Nasubiri mzigo. Kuna mkuu mmoja humu aliniambia nisubiri OLED zishuke bei. Mkuu, nakuheshimu, lakini huku kwetu umeme wenyewe tunausubiri.

Sasa mzee.

Nyumbani tuko watatu: mimi, dada yangu mkubwa Zaituni, na baba. Mama alishatangulia. Baba alikuwa dereva wa lori tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia. Alipakia mawese hapa Rumonge, akapeleka Bujumbura, akarudi na simenti na sukari. Mjini wanamwita Papa Klakso, kwa sababu hakuna kona aliyowahi kuipita bila kupiga honi. Hata akitembea kwa miguu, akifika kwenye kona ya nyumba anakohoa kwanza.

Alipoacha kuendesha alibaki kukaa barazani akisikiliza magari yanayopita. Lori likipita anasikiliza breki zake, anasema, "Ile iko na fre mubaya." Anatikisa kichwa kama daktari aliyepewa mgonjwa aliyechelewa. Nilikuwa namwonea huruma, nisiwafiche.

Jumapili moja nikamwekea game la kuendesha malori, lile la barabara za Ulaya. Nilikuwa nimepata usukani used wa kompyuta, nikaufunga mezani, nikamkalisha. Nilidhani atacheka dakika mbili arudi barazani.

Wakuu, mzee hakurudi barazani.

Kwanza alikataa kuondoka mpaka azunguke lori lote kukagua matairi. Nikamwambia matairi ya humu hayatoboki. Akaniambia, "Hiyo ndiyo maneno ya mutu anayelala njiani."

Kisha akaanza safari. Honi kila kona. Madereva wa Ulaya wa kwenye game sijui walituchukuliaje. Akifika kituo cha mafuta anashangaa kweli kweli kuona dizeli ipo na hakuna foleni. "Mazutu iko tu? Hakuna mustari?" Wanaojua hali ya mafuta huku kwetu wataelewa kwa nini alipenda kusimama pale hata kama tangi limejaa.

Na majina yote ya miji aliyatupa. Yeye alikuwa anaendesha barabara yake. Mji wa kwanza wenye maji pembeni aliusema ni Minago. Mteremko ukija anasema tunaingia Kabezi, kaza fre. Mimi nakaa pembeni kwenye stuli, naitwa konvoyeri, yaani utingo, kazi yangu ni kuitikia. Akisema "Kabezi", nasema "Kabezi, muzee." Zilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo na baba yangu. Utotoni sikumpata hivyo, alikuwa barabarani.

Ndipo yakaanza malalamiko.

"Weye, njoo upanguse hii ecran. Iko na moshi."

Ecran ndilo neno letu la kioo, Wabelgiji walituachia. Nikachukua kitambaa changu cha simu, nikapangusa. "Sasa je?" "Afadhali kidogo." Anaendesha, baada ya muda pua yake inasogelea kioo. Anapitiliza taa nyekundu. Anagonga vizuizi. "Moshi imerudi."

Nikapangusa tena. Nikaongeza mwanga. Nikabadilisha waya. Nikaamini kabisa, na yeye nikamwambia, kwamba monitor inakufa, na kusema kweli ilikuwa mbaya, mtu yeyote angeamini. Hapo ndipo nilipokuja humu kuwauliza, na wengi wenu mkasema subiri.

Dada Zaituni yeye hana habari na kompyuta, lakini anamwangalia baba kuliko sisi sote. Akaanza kuona vitu. Baba anamimina chai pembeni ya kikombe. Baba anasalimia koti lililotundikwa. Baba anasema siku hizi ziwa lina ukungu mwingi, na nje jua limewaka mpaka milima ya Congo inaonekana ng'ambo.

Akampeleka kwa muganga wa hospitali, hapa hapa Rumonge. Jibu likaja: mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshakomaa. Kuna waganga wa macho Bujumbura wanapasua na mtu anaona. Lakini muganga akasema asikae sana. Jicho likiachwa hivyo presha ya ndani inaweza kupanda, na ikishaharibu, hata kupasua hakutasaidia.

Baba alimsikiliza vizuri, akamshukuru, akasema murakoze chane, akarudi nyumbani akakataa.

Sababu yake ya kwanza ilituvunja mbavu. "Mutoto wa jicho? Mimi minalea batoto maisha yangu yote, hakuna hata moja nilifukuza. Huyu naye akae."

Sababu ya pili ilikuwa "ejo".

Kwa msiojua Kirundi: ejo maana yake ni kesho. Na ejo maana yake ni jana. Neno moja, maneno yanayolizunguka ndiyo yanakuambia ni ipi. Baba akayaondoa yanayolizunguka. Zaituni anamwuliza, "Baba, hospitali?" Anajibu, "Ejo." Kesho yake Zaituni amevaa, mkoba begani, baba anamtazama kwa mshangao: "Hospitali si ilikuwa ejo?" Anarudi kwenye chai yake. Mwanamke mzima alikuwa anabaki mlangoni na mkoba, hajui acheke au alie.

Na sababu ya tatu, wakuu, ilikuwa mimi.

"Macho yangu iko muzuri. Ecran ya huyu kijana ndiyo mubaya. Yule muganga angekuja kuona hii ecran, angepasua yenyewe."

Basi sasa muone swali lenyewe lilivyogeuka. Jamaa wa Bujumbura anayeuza vitu used akanipigia. Ile 27 bado ipo, ya mwisho, na kuna mtu wa Kabezi ameiulizia. Sasa au nisubiri?

Zaituni akasema nisubiri. Hakusema kwa upole.

"Ukimununulia ecran kubwa, hatatoka tena kwa ile kiti. Ataona barabara ya kompyuta, aseme ameona. Ya kweli hataiona tena. Weye ndiye utakuwa umemupofusha."

Neno hilo lilinikaa. Nilikwenda kibandani nikafungua simu ya mteja, nikasahau skrubu zilikotoka.

Kwa sababu dada alikuwa na hoja. Kioo kikubwa, mwanga mkali, herufi kubwa, mtu mwenye macho mabovu anaweza kujidanganya muda mrefu. Na mzee wangu kujidanganya ni fundi.

Lakini upande wa pili, kila Jumapili nilikuwa namwona pua kwenye kioo kile cha mraba, anatafuta Kabezi yake haioni. Alikuwa ameacha hata kupiga honi, kwa sababu kona zinamfikia kabla hajaziona. Sikuweza kuvumilia. Nampenda yule mzee, ndiyo sababu yote, sina hesabu nyingine ya kuwaonyesha.

Nikanunua.

Najua wengine mtasema nilikosea, na siku ile hata mimi nilidhani nimekosea. Ilifika kwa gari la mizigo, imefungwa kwenye blanketi. Zaituni aliiona ikiingia mlangoni, akaenda nyuma jikoni na hakunisemesha. Vyungu ndivyo vilivyonisemesha.

Jumapili nikaiweka. Wakuu, acheni tu. Inchi 27. 165Hz. Nilipoiwasha mwenyewe nilisimama nimeshika kiuno. Barabara imetandikwa kama kitenge kipya, majani ya miti yanahesabika, kibao cha kilomita unakisoma toka mbali. Nikasema moyoni, mzee leo atalia.

Nikamwita. Akaja anapapasa ukuta, akakaa, akashika usukani. Zaituni akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Alitaka kushuhudia kosa langu.

Baba akawasha lori. Akatoka kwenye yadi polepole. Akaenda kidogo.

Halafu akapunguza mwendo, akasimama katikati ya barabara. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na yeye, Papa Klakso, hakujibu.

"Hii ndiyo mupya?"

"Ndiyo, baba. Mupya kwetu. Kubwa."

Akasogeza uso. Akarudi nyuma. Akafunga jicho la kulia, akalifungua. Akafunga la kushoto. Nilikuwa bado na kitambaa mkononi, mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kupangusa. Akaushika kabla haujafika.

"Wacha. Iko na moshi ile ile."

Akauachia mkono wangu, akarudisha wake kwenye usukani.

"Ile ile," akarudia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayejisemea mwenyewe. "Basi moshi iko kwangu."

Akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini.

Dada yangu mdomo wake haujui likizo. Mimi nilitegemea aseme, si nilikuambia? Hakusema. Aliweka mwiko juu ya meza yangu ya kompyuta, na mchuzi wake, akakaa chini sakafuni karibu na miguu ya baba, akashika kile kisigino chenye mpasuko anachompaka mafuta kila asubuhi. Akakishika tu.

Kumbe mzee hakuwa anatudanganya sisi tu. Alikuwa ameniamini. Alikuwa anaamini kweli kwamba siku mwanawe akipata pesa za kununua ecran nzuri, moshi utaondoka. Alikuwa anasubiri monitor kama mimi nilivyokuwa naisubiri. Kioo kizuri kilipokuja, hakikumbakizia pa kujificha.

Baada ya muda akauliza, "Zaituni, bale baganga ba macho, banapasuaka siku gani?"

Safari ya Bujumbura tulikwenda kwa gari la jirani, sote watatu. Baba alikaa mbele. Njia nzima ziwa lilikuwa kushoto kwetu, na yeye hakuliona, lakini alikuwa anataja mahali. Harufu ya mawese ikija anasema Minago. Gari likitikisika kwa namna fulani anasema hapa walitengeneza vibaya tangu zamani. Hakukosea hata mahali pamoja. Dereva jirani yetu alikuwa anacheka kwa heshima, na alikuwa anapiga honi kwenye kona, nadhani kwa ajili yake.

Hospitali tulikaa kwenye benchi na wazee wengine, kila mmoja na mwanawe. Hapo ndipo baba aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia.

"Mimi naogopa," akasema. Hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Hata na hii moshi, kidogo ninaona. Nakuona weye umekaa hapo, sioni uso, lakini naona mutu. Bakipasua ikaharibika, hata mutu sitaona."

Nilimshika mkono. Katika familia yetu mtoto wa kiume hashiki mkono wa baba yake hivi hivi, ila siku ile nilishika na yeye akauacha.

Walipomwita, alisimama, akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa permis yake ya udereva. Ya karatasi, ya zamani, mikunjo imeshakuwa myeupe. Mwaka baada ya mwaka tangu aache kazi alikuwa anatembea nayo kifuani, na mimi sikujua.

"Kamata. Nikitoka sioni, usinirudishie."

Akaingia, muuguzi akimwongoza kwa kiwiko.

Mimi na Zaituni tulibaki kwenye benchi. Sitawachosha na kusubiri kule. Wanaowajua wazazi wao wanajua mtu anawaza nini. Nilikuwa nimeishika ile permis kwa vidole viwili kama simu ya mteja isiyo na kava.

Alitoka na jicho la kulia limefungwa bandeji, amechoka, akataka chai. Tukalala kwa ndugu zetu huko huko Bujumbura, kwa sababu bandeji inaondolewa kesho yake.

Asubuhi muuguzi akamkalisha kwenye kiti. Akaondoa bandeji polepole, akapangusa, akamwambia afungue taratibu.

Baba akafungua. Akapepesa. Machozi yakamtoka, lakini muuguzi alisema ni ya dawa.

Akamtazama muuguzi. Akamtazama Zaituni, kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Hii kitenge iko muzuri. Ulinunua wapi?" Zaituni akaificha sura yake kwenye hicho hicho kitenge.

Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama kidogo, jicho moja jekundu. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Nikadhani anataka tushikane. Nikaweka mkono wangu kwenye kiganja chake.

Akausukuma pembeni.

"Si mukono. Leta permis."

Wakuu, nililia mbele ya watu. Sijali. Nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama na mimi nina shida ya macho.

Huo ndio mwisho wa kisa, yaliyobaki ni ya kawaida. Jicho la kushoto bado halijapasuliwa, na safari hii ni yeye anayetusumbua sisi. Ndugu wamekataa kumpa gari la kweli, na sisi pia tumekataa, magoti ni yale yale. Lakini game anacheza. Na amegundua kwamba miji ya humo ina majina yake, ameyasoma, akasema yameandikwa vibaya.

Sasa swali la uzi: kununua sasa au kusubiri? Mimi kuhusu Hz na panel siwezi kuwafundisha kitu, humu kuna wataalamu. Ninachoweza kusema ni hiki. Kama kuna mzee nyumbani anakwambia TV ina ukungu, simu ina ukungu, ecran ina moshi, pangusa mara moja. Mara ya pili mpeleke akapimwe macho, na ukiweza nenda naye mwenyewe, ukae naye kwenye benchi. Monitor zitashuka bei tu, na zisiposhuka pia mtaishi.

Waliowahi kumpeleka mzazi kupasuliwa mtoto wa jicho, naomba mniambie jicho la pili lilikuwaje, na mlisubiri muda gani baada ya la kwanza. Na wenye wazee wakaidi kama wangu, karibuni mmwage yenu hapa chini nisome. Nitajibu kwa simu, maana kompyuta ina mtu, na yuko kwenye mteremko.